Kope za Mama Mdogo Tekla

Mama mdogo Tekla hakuzaliwa na kope zilizolegea. Mama yangu, ambaye ni dada yake, husema kwamba walipokuwa wasichana kule Kilolo, Tekla ndiye aliyesifiwa macho, na wavulana waliopita na magunia ya viazi walikuwa wakisalimia nyumba nzima ili yeye tu atazame juu. Kope zilianza kushuka alipokwisha kuvuka miaka arobaini. Ya kushoto ilitangulia, ya kulia ikaifuata taratibu, hadi zote mbili zikafunika nusu ya mboni. Ili amwone mtu aliyesimama mbele yake ilimbidi ainue kidevu. Na mtu anayekutazama kwa kidevu, huku macho yamefumba nusu, watu humsoma kwa namna mbili tu: ana dharau, au amelewa.

Kwa mwanamke mwingine pengine lingekuwa jambo la kutaniwa na kusahauliwa. Lakini Tekla alikuwa mjane wa Silvester.

Baba mdogo Silvester alikuwa mnywaji. Kilolo mvua zikishika, machipukizi ya mianzi hukatwa ncha, na utomvu wake hukingwa asubuhi na jioni. Huo ndio ulanzi. Ukiwa mbichi huitwa mtogwa, nao ni mtamu, hata watoto hupewa. Ukilala huitwa mkangafu, na huo huangusha wanaume wazima. Silvester alipenda mkangafu. Usharika ulimwonya, ukamwonya tena, mwisho ukamtenga asishiriki Meza ya Bwana mpaka atubu mbele ya watu. Alikufa kabla hajatubu. Kengele ya kanisa haikugongwa. Mchungaji hakuja, wala mwinjilisti. Aliyesema maneno kaburini ni mdogo wake Aroni, naye alikuwa amekunywa. Kwaya haikuwepo, majirani wanawake waliimba kwa sauti ya chini, kama watu wanaoiba kitu.

"Mimi sitazikwa hivi," Tekla alimwambia mama yangu siku ile, udongo ukiwa bado mikononi mwake.

Hilo likawa ndilo lililomwongoza maishani. Hakuwahi kuonja ulanzi, hata mtogwa. Shamba la mianzi lilikuwa la ukoo, na Aroni aliendelea kugema na kuuza, lakini Tekla alikataa hata vyombo vya kugemea visihifadhiwe jikoni kwake. Alifagia kanisa, alifua vitambaa vya madhabahu, aliongoza maombi ya wanawake Alhamisi. Hatimaye akachaguliwa kuwa mzee wa kanisa. Watu wakaanza kumwita Mzee Tekla, na yeye, ambaye hakujaliwa mtoto wa kuitwa kwa jina lake, alikuwa akiitika haraka kuliko kawaida, kana kwamba anaogopa neno lile litaondoka kabla hajalipokea.

Mwaka juzi, wakati wa mvua, kulikuwa na harusi pale usharikani. Tekla alikaa meza ya wazee. Kope zake huwa nzito zaidi mchana unapozeeka, na harusi ile ilichelewa kuanza, ikachelewa kwisha. Mtu alipiga picha. Ndani yake mama mdogo ameinua kidevu, mdomo umeachama kidogo, macho ni mistari miwili, na mbele yake kuna kikombe cha plastiki ambacho yeye anaapa kwamba kilikuwa na maji. Picha ikaingia kwenye kundi la simu la wanawake wa usharika. Mwanamke anayeitwa Jackline, mwenye ulimi mwepesi lakini asiye mbaya, akaandika chini yake: "Mzee wetu kapanda mlima leo," yaani amelewa. Vikafuata vicheko vya kuchora.

Tekla alidhani kicheko kitapita. Badala yake likaja swali, na swali likaja tena kwa sauti nyingine. Shamba la mianzi si lake? Mume hakuwa yule? Siku za mikutano ya jioni si huwa anasinzia? Katika baraza la wazee, mwenyekiti wao, Mzee Edmund, mwalimu mstaafu anayependa mambo yaende kwa utaratibu, alisema kwamba ngano isipopepetwa huonekana yote ni makapi. Kwa hiyo wakamwita Tekla aje ajieleze, wakampa muda ajiandae.

Ndipo alipotupigia simu Mbeya.

Sisi tunakaa Iyunga. Nilikuwa nimemaliza chuo na sijapata kazi, kwa hiyo mimi ndiye niliyempokea, nikambebea kikapu cha njegere alizotuletea. Mama alipomwona mlangoni alimtazama kwa muda, kisha akamkumbatia. Tulipokwisha kula ndipo Tekla akasema alichokuja kukitaka.

"Nataka macho yafunguke kabla ya baraza. Nikae mbele yao nikiwa natazama kama watu. Basi."

"Kwani wewe umekunywa?" mama aliuliza.

"Dada!"

"Sasa kama hukunywa, unaogopa nini? Waambie."

"Nimewaambia kwa mdomo. Mdomo wangu unasema hivi, uso unasema vile. Unafikiri wanasikiliza kipi?"

Nilimwonyesha kwenye simu yangu yale niliyoweza kuyapata. Kwa kuwa nimezoea kusoma kila kitu hadi mwisho, nilisoma mengi mno, na kwa siku kadhaa nyumba yetu ilikuwa kama duka la dawa. Tuligandisha vijiko, akaviweka machoni. Tukamwekea vipande vya tango, vya kiazi mbichi, vifuko vya chai vilivyopoa. Nilimfundisha kukanda paji la uso kwa vidole, kutoka kwenye nyusi kwenda juu, na kufumba na kufumbua macho kwa mazoezi. Alifanya vyote kwa utii uliokuwa unaniumiza. Uvimbe wa asubuhi ulipungua. Kope zilibaki palepale.

Basi nikampeleka mjini kwa Khushbu. Yeye na mama mkwe wake, Nirmala, wana duka la vipodozi, na nyuma ya pazia kuna kiti ambapo Khushbu huchonga nyusi za wanawake kwa uzi, jinsi alivyofundishwa na mama yake. Nirmala alikuwa amekaa kwenye kaunta akichambua dengu kwenye sinia.

"Ugonile, mama," alimsalimia Tekla kwa Kinyakyusa.

"Kamwene," Tekla akajibu.

"Aa, Iringa! Samahani, basi. Hapa kila mtu ninampa ya Tukuyu. Karibu. Umesafiri usiku? Mbona unasinzia hivyo?"

"Sisinzii, mama. Ndicho kilichonileta."

Nirmala aliacha dengu. "Nisamehe. Khushbu! Njoo umwone mama."

Khushbu alimkalisha kwenye mwanga wa dirisha, akamshika kidevu na kukishusha.

"Tazama juu bila kuinua kichwa. Na nyusi usizinyanyue. Umeona? Unavuta kwa nyusi. Ndiyo maana paji limejaa mikunjo. Jioni inakuwaje?"

"Mbaya zaidi."

"Paji linauma?"

"Kila siku."

Khushbu alikiachia kidevu. "Nikuambie ukweli, mama. Kuna ngozi inayolegea na kuna msuli unaolegea. Ngozi naweza kuhangaika nayo. Kuna krimu ya kukaza, kuna masaji, Dar wana mashine za joto za kukaza ngozi. Hivyo ni vya mtu anayetaka kupunguza miaka miwili mitatu. Wewe naona ni msuli. Msuli hausikii krimu."

"Na sindano? Mtoto amesoma kwamba kuna sindano."

"Ipo. Inanyanyua nyusi. Lakini inafanya kazi kwa kulegeza msuli mwingine. Ikipotea njia kidogo tu, kope inaanguka zaidi, na utakaa nayo miezi. Mtu ambaye sijui msuli wake una nini, simpeleki kwenye sindano. Nenda kwanza kwa daktari wa macho."

"Kwa hiyo nirudi hivihivi."

"Mpe tepu," alisema Nirmala kutoka kaunta. "Huyu ana mkutano wake. Hajaja kutafuta mchumba."

Tepu zile zilikuwa vipande vyembamba, vya kuonekana kidogo sana, vimekatwa kama mwezi mchanga. Khushbu alifuta kope kwa pamba yenye spiriti, akabandika kipande juu ya kila moja, akasukuma ngozi kwa kijiti cha plastiki hadi ikajikunja juu ya tepu na kubaki pale. Mboni zikatokea. Sikuwahi kujua kwamba mama mdogo ana macho ya rangi ya asali. Hakutazama kioo. Alitazama mlangoni, ng'ambo ya barabara, kidevu kikiwa chini, akasoma bango kwa sauti kama mtoto wa darasa la pili. Kisha akasema, "Kumbe lile ni duka la viatu. Nimepita pale, nikadhani ni benki."

Nirmala alicheka hadi dengu zikamwagika. Tekla naye alicheka. Sijamwona akicheka vile tena.

"Sikiliza," Khushbu alimwambia akimfungia pakiti. "Usikaze. Jicho lazima liweze kufumba. Likikaa wazi linakauka, linakuwa jekundu. Na usivae siku nzima, unavuta ngozi, utazidisha ulegevu. Ni ya saa chache."

"Nahitaji asubuhi moja tu, mwanangu."

Kwa daktari wa macho tulikwenda pia. Alimchunguza kwa upole, akasema kwamba msuli unaoinua kope umeachia, jambo linalowapata watu wengi wakiwa wakubwa, na kwamba dawa yake ya kudumu ni upasuaji mdogo. Tarehe ambayo angeweza kumpa ilikuwa baada ya baraza. Hata ingekuwa kabla, Tekla asingekubali.

"Nikifika pale na nyuzi machoni, watasema nimepigwa kilabuni," alisema tulipotoka.

"Basi daktari akuandikie kwamba ni ugonjwa."

"Mwanangu, kesi si ya kope. Kesi ni ya pombe. Daktari ataandika kwamba sijanywa tangu lini?"

Nilirudi naye Kilolo, kwa sababu anayeitwa barazani huruhusiwa kuja na ndugu mmoja, na mama alikuwa na kazi. Tuliposhuka Iringa kubadili gari, Tekla alitoweka kidogo kati ya vibanda, akarudi na kichupa cha gundi ya kope za bandia. Sikumuuliza. Nyumbani tulimkuta Aroni amekaa kwenye gogo nje, kibuyu chake pembeni.

"Shemeji, pole na safari. Wamekutoa mapema hivyo?"

"Kunitoa wapi?"

"Si kule Mbeya, kwenye nyumba ya kuachisha watu pombe? Huku ndivyo wanavyosema. Mimi nimewaambia, jamani, mgemaji ni mimi, mnywaji ni mimi, huyu mama hata harufu haijui. Wakaniambia, Aroni, ushahidi wa mlevi ni ulevi wa pili." Akatikisa kichwa. "Hata mimi ninayekunywa, shemeji, sina macho kama yako. Mungu ana utani."

Tekla aliingia ndani. Nilimkuta amekaa kitandani, kitambaa cha kichwa bado amekivaa, mikono juu ya magoti. "Nilikwenda kutafuta macho," alisema, "wao wameniona nimekwenda kutafuta kuacha pombe. Nikikaa ni mlevi, nikienda ni mlevi."

Asubuhi ya baraza ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba. Tekla alikuwa ameoga na kujipaka mafuta ya mgando usoni kama alivyofanya maisha yake yote, na tepu ya kwanza ikateleza. Akafuta, akabandika nyingine. Nayo ikaanza kuinuka pembeni. Akabandika ya tatu juu ya ya pili, kisha akafungua kichupa cha gundi.

"Mama mdogo, Khushbu alisema usikaze."

"Khushbu haendi kwa Mzee Edmund."

Alipaka gundi, akavuta ngozi juu kwa kidole, akashikilia hadi ikakauka. Alipogeuka, macho yalikuwa wazi kuliko ya mtu yeyote niliyewahi kumwona, ya kushtuka, kama mtu aliyepewa habari mbaya. Lakini yalikuwa wazi. Tulitembea kwenye ukungu, yeye akitangulia, kidevu chini.

Na kwa dakika chache ilifaulu. Tulipoingia ofisi ya usharika wazee walikuwa wamekwisha kukaa kuzunguka meza, na wote walimtazama, na nikaona nyuso zikisita. Mchungaji, kijana ambaye hana muda mrefu tangu atoke chuo cha theolojia, alisimama kumpa mkono. Mzee Edmund mwenyewe alisema, "Mzee Tekla, karibu. Leo umechangamka."

"Asante, mzee," alisema kwa furaha. Nami nilikaa kwenye benchi karibu na mlango nikifikiri kwamba tumeshinda.

"Tufumbe macho, tuombe," alisema mchungaji.

Hilo ndilo tulilokuwa hatujaliwaza. Yeye ambaye ameomba maisha yake yote, na mimi niliyesoma kila kitu hadi mwisho, tulikuwa tumefikiria tu jinsi macho yatakavyofunguka mbele ya wazee. Hatukukumbuka kwamba kikao cha kanisa huanza kwa kufumba.

Maombi yalitolewa na Mzee Edmund, na Mzee Edmund haombi kwa kifupi. Aliombea viongozi, mazao, wagonjwa, wasafiri, kisha haki na kweli. Mama mdogo aliniambia baadaye kwamba aliinamisha kichwa na kujaribu kufumba, kope zikakataa. Akajaribu kwa nguvu, ngozi ikavutika kama inayochanika. Macho yakakauka, yakaanza kuwasha, kisha yakaanza kutiririka. Aliona viatu vya wazee wote chini ya meza, na matope yaliyodondoka kutoka kwenye viatu vyake mwenyewe. Tulipofika kwenye "haki na kweli" gundi ya jicho la kulia iliachia upande mmoja, kope ikaanguka na kipande cha tepu kikaning'inia kwenye ukope.

"Amina," sote tukasema.

Wazee waliinua vichwa.

"Mama Tekla," alisema Mzee Edmund, nami nikasikia kwamba lile neno jingine limekwisha kuondoka. "Wakati wa maombi macho yako yalikuwa wazi."

"Hayakufumba, mzee."

"Hayakufumba, au hukuyafumba?"

"Hayakuweza. Nimeweka kitu."

"Kitu gani? Na mbona mekundu hivyo? Mama, hata leo? Hata asubuhi hii?"

"Sijanywa, mzee. Ni hii." Akashika ile tepu ya kulia, akaivuta. Ilitoka na nywele kadhaa za kope na kidoa cha damu. Aliiweka mezani mbele yao. Wazee waliinama kuitazama. Mama mmoja kati yao alicheka, akaziba mdomo haraka.

"Hii ni gundi," alisema Mzee Edmund.

"Ni gundi, ndiyo. Ya kuinua kope. Kope zangu zimelegea, wazee wangu, ni msuli tu, daktari amesema."

Mzee Edmund alivua miwani. Si mtu mkatili. Nadhani alikuwa akilitafuta swali la haki, akalipata lile ambalo halina jibu. "Sasa niambie, mama. Mtu asiye na hatia anabandika gundi machoni ya nini?"

Jicho la kushoto lilikuwa bado limekodoka, la kulia limefumba karibu lote, na yote mawili yalikuwa yakimwaga machozi ambayo pale hayakuwa ya kilio. Aliyafuta kwa kiganja.

"Mama, sema tu ukweli tumalize," mchungaji alimwambia kwa huruma. "Pombe si mauaji. Ukitubu, leo hii jambo limekwisha."

"Nitubu nini, mchungaji? Sijanywa."

"Basi," alisema mchungaji, akatazama karatasi zake.

Nje Aroni alikuwa akitusubiri. Nilipomweleza alipiga paja. "Edmund alijuaje kwamba macho yalikuwa wazi? Yeye yake aliyafumbia wapi?" Alicheka peke yake. Tekla alikuwa amekwisha kutangulia, akitembea na mkono mmoja juu ya uso.

Jumapili iliyofuata jina lake lilisomwa kwenye matangazo, baada ya la binti mmoja aliyepata mimba kabla ya ndoa. Alitengwa mpaka atakapokuwa tayari kutubu. Nywele za kope zilizong'oka hazikuota zote. Kope ya kulia ilifanya kidonda, ikapona, ikabaki chini kuliko mwanzo, kama Khushbu alivyosema. Nilimwambia kwa simu kwamba daktari bado anaweza kumwona. Alijibu kwamba haoni tena sababu ya kuangalia vizuri.

Pengine angeendelea kushikilia neno lake. Miezi ilipita naye hakutubu. Alikuwa akikaa benchi la mwisho, na wakati wa Meza ya Bwana alitoka nje na kusimama karibu na tanki la maji. Lakini Kilolo baridi ya Juni huingia hadi kwenye mifupa, na Juni ile alishikwa na nimonia, akalazwa. Mwinjilisti alifika wodini kama kawaida yake, akaenda kitanda hadi kitanda akiombea wagonjwa na kuwashika mikono. Alipofika kwa Tekla alimpa pole, akamwambia tunakukumbuka, akapita. Utaratibu haukumruhusu zaidi. Mgonjwa wa kitanda cha jirani, mama kutoka Ruaha Mbuyuni ambaye hakumjua, ndiye aliyeuliza kwa sauti: "Huyu mbona mmemruka?"

Usiku na mchana alilala akihesabu pumzi, alimwambia mama yangu, na kila akifumba macho aliyaona mazishi ya Silvester, ila ndani ya jeneza alikuwa yeye.

Alipotoka hospitali alimtuma Aroni kwa Mzee Edmund na ujumbe mmoja: yuko tayari.

Nilikuwepo siku ile. Alisimama mbele ya madhabahu na sweta ya mama yangu, mwembamba, kidevu juu, kwa kuwa bila hivyo asingemwona mchungaji. Mchungaji alimuuliza kama anatubu dhambi ya ulevi na ya kuwadanganya wazee. Alichelewa kujibu hadi watu wakaanza kukohoa.

"Natubu," alisema.

Kanisa likapiga makofi. Kwaya ikaimba, naye akapitishwa kushikwa mkono na wazee wote. Mzee Edmund alikuwa na machozi, na yalikuwa ya kweli. Jackline alimkumbatia mbele ya watu na kumwomba msamaha wa picha ile. Jioni wanawake walikuja na unga, sukari na kuku, wakaimba hadi wakachoka. Aroni alikaa nje kwenye gogo lake, hakuingia. Walipoondoka alisema, "Shemeji, sasa umelewa lini? Mbona hukuniita?" Lakini hakuwa anacheka, na Tekla alimwambia, "Nyamaza, Aroni," kwa sauti ambayo haikuwa na hasira wala kitu kingine chochote.

Nilibaki hadi Jumapili ya ushirika, kwa sababu mama alitaka mtu wa kwetu awe karibu naye siku atakaporudi Mezani. Tulikaa safu ya kati. Safu za mbele zilisimama, zikaenda, zikarudi zimeinamisha vichwa. Ikafika zamu yetu. Watu walisimama. Tekla hakusimama.

"Mama mdogo," nilinong'ona, "ni sisi."

"Nenda wewe."

"Umekwisha kurudishwa. Wote wameona."

"Nimerudishwa kwa uongo." Alisema bila kunigeukia, polepole, kama mtu anayemweleza mtoto. "Nilipotengwa nilikuwa safi. Nilikuwa nasimama pale kwenye tanki la maji nikijua niko safi. Sasa nimesimama madhabahuni nikamwambia Mungu kitu ambacho sikufanya. Nikila leo, najilia hukumu. Hilo nilifundishwa kipaimara, silisahau."

"Basi mwambie mchungaji."

"Nimwambie nini? Kwamba sikunywa?" Akavuta pumzi, na kifua chake kikakoroma kidogo, ile nimonia ilikuwa haijamwachia. "Atanitenga tena."

Watu wa safu yetu walikuwa wakingoja kupita. Alikunja magoti pembeni, akayabana na benchi ili wapite, mmoja baada ya mwingine, sketi na suruali zikimgusa. Nami nilikaa naye. Mbele mchungaji alikuwa akitoa mkate, na kwaya iliimba kwa sauti ya chini. Kope zake zilikuwa zimeshuka karibu zote, mikono imelala mapajani, na nyuma yetu mwanamke mmoja alimwambia mwenzake, bila ubaya wowote, "Muache, mama wa watu. Amesinzia."